Nukuu ya Sheria na Kidole cha Msomaji

FUNDI WA PROGRAMU: Nianze na kazi yenyewe, Mheshimiwa, kwa kuwa nimesikia ikisimuliwa kama sihiri, ilhali haizidi kazi ya karani mwepesi wa macho. Ukurasa wa hukumu unapofunguka katika kivinjari, skripti yangu, ambayo ni mistari michache ya maagizo iliyopachikwa ndani ya kivinjari hicho, huyapitia maandishi yote ikitafuta kwanza umbo moja maalumu: mabano ya mraba yenye tarakimu 4 za mwaka, baada yake herufi TZCA zinazosimama badala ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania, au TZHC zinazosimama badala ya Mahakama Kuu, kisha namba ya hukumu, na kila inapolikuta umbo hilo hulivika rangi ya buluu na kuligeuza kiungo, hata msomaji akiligusa kwa kidole apelekwe papo hapo kwenye hukumu iliyotajwa, katika maktaba ya TanzLII, ambamo Mahakama ya Tanzania imeziweka hukumu zake wazi kwa kila mtu pasipo malipo. Neno la jaji silibadili wala siliongezi. Jaji amesema tu, "Rejea hukumu fulani", nami nimemfungulia msomaji njia ya kurejea.

HAKIMU MSTAAFU: Njia fupi si lazima iwe njia salama, kijana wangu. Sisi tuliosoma sheria kwa vitabu, tulipoambiwa turejee shauri lililomo katika Ripoti za Sheria za Tanzania, tuliinuka, tukashusha juzuu kutoka rafuni, tukafunua kurasa, na katika kufunua huko tukapitia mashauri mawili matatu ambayo hatukuyatafuta, tukakuta moja linaafikiana na lile tuliloliendea na jingine linalipinga. Na tulipofika mahali penyewe tulianza na muhtasari, tukashuka kwenye maelezo ya kisa, ndipo tukalifikia neno lililonukuliwa, tukiwa tumekwisha kujua lilinenwa kwa ajili ya nani na kwa sababu gani. Neno la hukumu halikatwi kutoka katika kisa chake illa hupoteza nusu ya maana yake. Wewe unamrusha msomaji kwa mguso mmoja hadi ndani ya ugomvi wa watu asiowajua, kisha wasema umemsaidia.

MSAIDIZI WA SHERIA: Samahani, Mheshimiwa, juzuu hizo zilikuwa rafuni mwa nani? Mimi ni mkaazi wa Makurunge. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilipotutambua wasaidizi wa kisheria, ilitukabidhi kazi ya kuwaeleza watu haki zao, illa haikutukabidhi maktaba. Na ardhi ya kwetu haina usingizi: upande mmoja ni mji wa Bagamoyo unaopanuka, upande mwingine Mto Wami, na ng'ambo yake Saadani, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, katikati yake kuna wakulima wenye mashamba ya urithi, wafugaji wanaotafuta malisho, na wanunuzi wa viwanja watokao Dar es Salaam, ambao hukuta mara nyingi shamba limekwisha kuuzwa na ndugu mmoja kabla matanga hayajaanuliwa. Shauri likifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wakili wa upande wa pili husimama akatoa pingamizi la awali, akataja Mukisa Biscuit Manufacturing dhidi ya West End Distributors, [1969] EA 696, akaketi. Mtu wangu hunitazama. Yeye amesikia mwaka, herufi mbili na namba, na katika namba hiyo imo hatima ya shamba lake.

HAKIMU MSTAAFU: Na shauri hilo, binti yangu, ni ngao ya mtu wako kuliko kuwa mkuki wa wakili yule. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema humo kwamba pingamizi la awali sharti liwe hoja tupu ya sheria, inayosemwa kwa kuchukulia kwamba mambo yote yaliyodaiwa na upande wa pili ni kweli. Maadamu lipo jambo linalohitaji ushahidi ili lithibitike, pingamizi halisimami. Lau mtu wako angelijua neno hilo, angelijibu mwenyewe kwamba mpaka wa shamba hauthibitiki pasipo mashahidi.

MSAIDIZI WA SHERIA: Ndiyo hasa nilipotaka tufike. Umenifundisha kwa pumzi moja, kwa sababu wewe upo hapa. Siku ile hukuwapo.

FUNDI WA PROGRAMU: Nami niseme kweli juu ya nukuu hiyo: skripti yangu haiwezi kuifungua. Ripoti zile za East Africa hazimo katika maktaba huru ninayoielekea, na mahakama iliyotoa uamuzi huo ilikwisha pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, hata Tanzania ikaunda Mahakama yake ya Rufani mwaka 1979. Lakini majaji wetu wameinukuu Mukisa mara nyingi kupita hesabu, na aghalabu wameinakili ile aya yake muhimu; kwa hiyo nilifanya nukuu hiyo, badala ya kumpeleka msomaji ukutani, impeleke kwenye orodha ya hukumu zetu zilizoitaja, azisome humo.

HAKIMU MSTAAFU: Basi umekwisha kuacha ukarani, umekuwa mwalimu, maana umechagua wewe msomaji asome nini badala ya kile alichoambiwa akisome. Nani amekupa ijaza, idhini ya kufundisha?

FUNDI WA PROGRAMU: Mheshimiwa, neno lako la ijaza linanikumbusha vyuo vya pwani hii, ambamo wanafunzi wa fiqhi walisoma Minhaji ya Imamu Nawawi, matini yakizungukwa na sharhe, na sharhe ikizungukwa na hashiya, na hakuna aliyesema kwamba aliyeandika pembeni ameiharibu kazi ya Imamu. Wala wanasheria wa nchi nyingine hawakuona haya kuandika pembeni. Mwaka 1873 huko Illinois, Marekani, Frank Shepard alianza kuchapisha vikaratasi vyenye gundi, ambavyo wakili alivibandika kwenye ukingo wa kurasa za ripoti zake, vikimwonyesha mashauri ya baadaye yaliyolitaja shauri lile. Skripti yangu ni kikaratasi hicho pasipo gundi. Hata Wamarekani wenyewe walikwisha kutunga za namna hii: Michael Poulshock alitengeneza Jureeka, iliyogeuza nukuu za sheria kuwa viungo ndani ya kivinjari cha Firefox, na tangu mwaka 2005 nyongeza ya Greasemonkey imemruhusu mtu yeyote ajuaye kuandika maagizo mafupi auvike ukurasa wa mwingine kama apendavyo, machoni pake mwenyewe.

HAKIMU MSTAAFU: Umeniletea mashahidi wawili, na wote wawili ni wangu. Hashiya iliandikwa na mwanachuoni mwenye jina na sanadi. Msomaji alijua nani amesema, na amesoma kwa nani. Na huyo Shepard hakuonyesha njia tu. Alimwambia wakili hali ya shauri: hili limefuatwa, hili limetofautishwa, hili limetenguliwa. Huko ndiko kulikokuwa na thamani ya kikaratasi chake, kwa kuwa mtu hukuta kisima kwa urahisi, bali kujua kama maji yake yangali yakinyweka ni elimu nyingine. Rangi yako ya buluu inasema "lipo". Haisemi "lina nguvu".

Nikupe mfano usio wa mbali. Katika Rufaa ya Madai Na. 55 ya mwaka 2017, Yakobo Magoiga Gichere dhidi ya Peninah Yusuph, Mahakama ya Rufani ikikaa Mwanza mwaka 2018 ilizitaka mahakama zitazame haki yenyewe badala ya kujifunga mno na ufundi wa taratibu, katika shauri la ardhi lililoanzia Baraza la Kata. Hukumu njema, inayonukuliwa kila siku. Sasa mkulima wa Makurunge anaigusa, anasoma jinsi Baraza la Kata lilivyosikiliza na kuamua, na anatoka hapo mbio akiamini kwamba na lake lipelekwe kata likaamuliwe. Kumbe mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, na Mabaraza ya Kata yakaondolewa mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi, yakabakishiwa usuluhishi. Hukumu haikusema uongo. Kiungo hakikukosea njia. Na mtu amepotea.

FUNDI WA PROGRAMU: Amepotea, lakini je, kitabu kingelimwokoa? Juzuu iliyochapwa mwaka 2019 haijui habari za mwaka 2021, wala haitazijua milele, hata ikae rafuni miaka mia. Ukurasa ulio hai waweza kuongezewa onyo, karatasi haiwezi.

HAKIMU MSTAAFU: Yaweza! Je, umeliongeza?

FUNDI WA PROGRAMU: Bado.

HAKIMU MSTAAFU: Basi tuzungumze juu ya kilichopo. Na tuziache hukumu, tutazame sheria zenyewe. Mwaka 2025 tumepata Toleo la Urekebu la Sheria za Tanzania la mwaka 2023, baada ya nchi kutumia kwa zaidi ya miaka 20 lile la mwaka 2002. Kazi ya urekebu, kwa asili yake, huingiza marekebisho yote mwilini mwa sheria, huondoa vifungu vilivyofutwa, na huweza kuzipanga upya namba. Hukumu ya mwaka 2010 inapotaja kifungu fulani cha Sura ya 114, inakitaja kama kilivyokuwa siku ile. Skripti yako itampeleka msomaji kwenye kifungu chenye namba hiyo leo. Ikiwa namba imehama, atasoma kifungu jirani, akidhani ndicho kilichomhukumu marehemu baba yake.

FUNDI WA PROGRAMU: Hilo limenikosesha raha zaidi ya yote, Mheshimiwa, nami sitaki kulifunika. Sura ya 114, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, haina anwani inayotokana na neno "Sura". Katika maktaba ile anwani yake hutokana na mwaka 1999 na namba 5, kwa kuwa ilipitishwa ikiwa Sheria Na. 5 ya mwaka huo, kama vile Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ilivyokuwa Na. 4. Kwa hiyo nililazimika kuandika jedwali kwa mkono, sura kwa sura, nikilinganisha. Nilipofika kwenye matoleo nilisimama. Niliamua kwamba kiungo kimfikishe msomaji mlangoni mwa sheria, kisimwingize mpaka kwenye kifungu, na kwamba kando yake kuandikwe mwaka wa hukumu anayoisoma, ili ajue ni macho ya mwaka gani yaliyokuwa yakiitazama sheria hiyo. Ni hatua pungufu, najua. Niliona heri kumfikisha barazani akabisha hodi, kuliko kumwingiza chumba kisicho chake.

MSAIDIZI WA SHERIA: Na zile nukuu ndefu, zisizokuwa na mabano ya mraba? Maana mawakili wengi wangali wakiandika kwa desturi ya zamani: "Civil Appeal No. fulani of mwaka fulani", na mwishoni, ndani ya mabano, kwamba haijaripotiwa.

FUNDI WA PROGRAMU: Hizo ni mtihani. Namba kama 55 ya mwaka 2017 yaweza kuwapo Mahakama ya Rufani, ikawapo tena Mahakama Kuu, na huko Mahakama Kuu kila masjala ina daftari lake: Dar es Salaam ina 55 yake, Mwanza ina yake, Arusha ina yake. Pasipo jina la mahakama na mji, namba hiyo ni jina la Juma katika soko la Bagamoyo siku ya Ijumaa. Hapo skripti huiacha nukuu ilivyo, nyeusi.

(Mwandishi wa mjadala huu aongeze ushahidi mmoja. Shauri ambalo kila mwenye ardhi ya kimila nchini anapaswa kulijua, na ambamo Mahakama ya Rufani ilisema kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, limo katika Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka 1995 ukurasa wa 80, Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwenzake. Na jina la mtu huyo utalikuta katika hukumu moja lina irabu mbili mwishoni kabla ya herufi ya mwisho, na katika hukumu nyingine lina moja. Mwanadamu hasumbuki na irabu moja. Skripti husumbuka, ikapita kimya mbele ya shauri hilo kubwa kana kwamba halikuandikwa.)

MSAIDIZI WA SHERIA: Nami naongeza la lugha. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Nilipoiona skripti hii mara ya kwanza ilikuwa inatambua "Civil Appeal" na haitambui "Rufaa ya Madai". Inatambua herufi "v" katikati ya majina na haitambui "dhidi ya". Hukumu iliyoandikwa kwa lugha anayoiota mkulima usiku ndiyo iliyobaki giza, na ile iliyoandikwa kwa lugha inayomtisha ndiyo iliyowashiwa taa.

FUNDI WA PROGRAMU: Ulinikemea, dada, nami nikalirekebisha juma lile lile.

MSAIDIZI WA SHERIA: Ulilirekebisha. Lakini kwanza ulilisahau.

HAKIMU MSTAAFU: Nirudi kwenye rangi, kwa sababu naiogopa. Mtu wa kawaida akiliona neno limegeuka buluu huliamini, kwa kuwa huona kana kwamba mtu mwingine amekwisha kulithibitisha. Kumbe skripti haithibitishi kitu, imetambua umbo. Mwongo akiandika mabano, mwaka, herufi nne na namba aliyoibuni kitandani, skripti yako itamvika mwongo huyo joho.

FUNDI WA PROGRAMU: Nami naona kinyume chake, na hapa sitarudi nyuma. Mwaka 2023 huko New York, katika shauri la Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili walipeleka mahakamani nukuu za mashauri ambayo hayakupata kuwapo duniani, yaliyobuniwa na programu ya ChatGPT, wakatozwa faini ya dola 5,000. Uongo ule uliishi kwa muda kwa sababu nukuu ilikuwa wino mfu, na mtu huona uzito kuufuata wino mfu. Lau kila nukuu katika maombi yale ingelikuwa mlango, karani wa kwanza angeligusa, mlango ungelikataa kufunguka, na uongo ungelifedheheka kabla ya chai ya saa nne. Joho linalovulika kwa mguso mmoja si joho la kuogopwa.

HAKIMU MSTAAFU: Ikiwa atagusa. Na ikiwa namba ya uongo haikuangukia, kwa bahati mbaya, juu ya hukumu ya kweli ya watu wengine kabisa, ambapo mlango utafunguka kwa ukarimu wote. Naweza kubuni namba sasa hivi ambayo itakufikisha kwenye shauri la wizi wa ng'ombe, ilhali mimi nimesema ni la mirathi.

FUNDI WA PROGRAMU: Basi skripti iulize maktaba kwanza, ilete jina la shauri, ilinganishe na jina lililoandikwa, ndipo itie rangi.

MSAIDIZI WA SHERIA: Kwa bando la nani? Hukumu moja ina nukuu 30. Kila nukuu ikitumwa kuulizia kabla sijasoma aya ya kwanza, bando langu la siku limekwisha nami sijajua nani amemshitaki nani.

FUNDI WA PROGRAMU: Jedwali la majina laweza kupakuliwa mara moja, likakaa ndani ya simu.

HAKIMU MSTAAFU: Na skripti hiyo inayosoma kila neno la kila ukurasa, inasoma na barua zangu? Inasoma daftari langu la benki? Mtu wa Makurunge anayeambiwa "pachika hii" hana namna ya kujua amemkaribisha mgeni au mwizi.

FUNDI WA PROGRAMU: Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake ni fupi: kichwani mwa skripti huandikwa orodha ya tovuti ambazo inaruhusiwa kuingia, nami nimeandika zile za mahakama na maktaba za sheria tu. Lakini msomaji asiyejua kuisoma orodha hiyo anaishi kwa amana yangu, siwezi kukana.

MSAIDIZI WA SHERIA: Mmebishana juu ya usahihi wa mlango, sasa niulize kuhusu nyumba. Mimi na watu wangu tuna simu, hatuna kompyuta. Kivinjari cha Chrome kilichomo katika simu za Android hakikubali nyongeza za namna hii; Firefox ya simu hukubali, lakini nani huku anayo? Na hukumu zinatufikiaje? Ndugu aliye mjini hupiga picha karatasi iliyogongwa mhuri, akaituma kwa WhatsApp, kurasa tisa, mbili zimepinda na moja ina kivuli cha mkono wake. Picha haina maneno ndani yake, ina madoa meusi tu. Skripti yako itapita juu yake kama upepo juu ya bahari. Nilikutetea kwa Mheshimiwa tangu mwanzo, kaka, na ningali nakutetea, lakini nasema wazi kwamba kazi yako mpaka leo imemsaidia zaidi wakili mwenye kompyuta mezani, ambaye tayari alikuwa na rafu ya vitabu. Pengo kati yake na mimi umelipanua kwa nia njema.

FUNDI WA PROGRAMU: Neno hilo linauma kuliko yote yaliyosemwa hapa. Ndiyo sababu napendelea kwamba viungo vifungwe huko huko maktabani, hukumu ikitoka iwe imekwisha kuunganishwa, hata mwenye simu ya bei ya chini avikute bila ya kupachika kitu. Na zipo hukumu katika TanzLII ambazo tayari zina viungo hivyo. Skripti ni kibatari cha kutumia wakati tunangoja nguzo za umeme.

HAKIMU MSTAAFU: Hapo, na hapo tu, naanza kukusikia, kwa kuwa maktaba ina mwenyewe, ina anwani, na ikikosea kuna wa kuulizwa. Mlango wa sheria uwekwe na mwenye nyumba.

FUNDI WA PROGRAMU: Na mwenye nyumba akichelewa?

HAKIMU MSTAAFU: Tumdai. Wewe unafanya kazi yake usiku, bila ya mshahara, naye akiona kazi imefanyika hataifanya kamwe.

MKULIMA: Nami nina neno, ikiwa mtaniwia radhi. Nimewasikiliza nikangoja mnitaje, hamkunitaja. Pale kwetu kulikuwa na ranchi ya RAZABA, iliyokuwa ya Serikali ya Zanzibar. Kisha ikaja kampuni ya Waswidi, EcoEnergy, ilime miwa. Mambo yakaharibika baina yao na Serikali ya Tanzania, wakaishitaki mbele ya baraza la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji la ICSID, kule Washington, na huyu binti yangu alinionyesha katika simu yake: shauri lao lina namba, ARB/17/33, na uamuzi wake ulitoka mwaka 2022. Mtu aliye Stockholm akiiandika namba hiyo anawaona waliodai, waliodaiwa, na wasuluhishi waliolisikiliza. Si vibaya. Lakini nami nilikuwa na shauri, juu ya udongo ule ule wa Makurunge, ekari tatu, na jirani aliyesogeza mpaka. Baraza la Kata lilitusikiliza mwaka 2014, likaja likatembea shambani, likauona mkorosho wa mpakani, likaamua. Katibu akaandika kwa mkono wake katika daftari, akanipa nakala. Nakala mchwa wameila upande wa majina. Jirani amekufa, wanawe wamerudi wanasema mpaka uko kwingine. Sasa, fundi, mabano yangu mimi yako wapi?

FUNDI WA PROGRAMU: Hayapo, mzee wangu. Uamuzi wa Baraza la Kata haukupewa namba ya aina hiyo, wala haukuwekwa katika maktaba yoyote. Skripti hufuata kilichotajwa, na chako hakikutajwa na mtu.

HAKIMU MSTAAFU: Daftari la katibu liko wapi?

MKULIMA: Baraza lilipoondolewa nguvu kabati lilihamishwa. Waliniambia liko ofisi ya kata. Nikaenda, nikaambiwa mwenye ufunguo amehamishwa.

MSAIDIZI WA SHERIA: Kabati nalijua. Madaftari yamo, si moja, mengi, ya miaka yote ile. Tukiruhusiwa, ni siku nne za kupiga picha, ukurasa kwa ukurasa, na kuupa kila uamuzi namba.

FUNDI WA PROGRAMU: Nami nitaandika jedwali lake kwa mkono, kama nilivyoandika la Sura.

HAKIMU MSTAAFU: Polepole! Mnajua yaliyomo? Mimi nayajua madaftari ya kata. Humo mna mpaka wa shamba, na ukurasa wa pili mna mke aliyekimbia mume, na wa tatu mna mtoto aliyekanwa na baba yake, kwa majina kamili, na watu hao wangali wakikutana kisimani. Hawakusema maneno yale ili yasomwe na mtu aliye Stockholm. Haki ya kujua sheria ni moja, na sitara ya mtu ni nyingine. Na mzee huyu naye, kabla hamjamfanya kiungo cha buluu kwa ulimwengu mzima, ameulizwa?

MKULIMA: Jina langu liandikeni, Mheshimiwa, na la babangu, na la mkorosho. Mimi ndiye niliyeshinda.